Kuhifadhi Mlima Unaolimwa: Mwongozo Kamili kwa Vijiji vya Usambara Magharibi

Mwongozo huu unawalenga viongozi wa vijiji, maafisa ugani na wakulima wa Usambara Magharibi, ingawa sehemu kubwa yake inaweza kutumika Upare, Uluguru na kwingineko katika Milima ya Tao la Mashariki, safu inayoanzia Taita nchini Kenya na kushuka hadi Udzungwa na Mahenge. Misitu ya safu hii ina mimea na wanyama wasiopatikana mahali pengine popote duniani, na mito inayotoka humo ndiyo inayonywesha na kumwagilia tambarare za chini. Hata hivyo, Usambara si mlima mtupu unaosubiri kulindwa. Watu wamejenga na kulima kutoka mabondeni hadi kwenye ukingo wa msitu kwa vizazi vingi, na hakuna mpango wa uhifadhi utakaofaulu huku ukijifanya kwamba hawapo.

Kabla ya hatua yoyote, ni vizuri kukumbuka yaliyokwisha kutokea. Katika miaka ya 1940 na 1950 serikali ya kikoloni iliwalazimisha Wasambaa kulima kwa matuta chini ya mpango ulioanzia Mlalo, kwa amri na faini. Watu waliupinga, na mpango ukaachwa kabla ya uhuru. Huko Uluguru, amri za namna hiyohiyo za kuchimba ngazi mashambani zilizusha ghasia mwaka 1955. Tofauti yake ilionekana kuanzia mwanzoni mwa miaka ya 1980, pale mradi wa SECAP, ulioendeshwa Lushoto kwa ushirikiano wa Tanzania na Ujerumani, ulipohimiza mistari ya majani ya malisho na miti kwenye kontua, yaani mistari inayokata mteremko kwa usawa, sambamba na ufugaji wa ng'ombe wa maziwa bandani. Udongo ulikuwa uleule na mteremko uleule. Safari hii, lakini, mstari uliozuia udongo ulimpa mkulima kitu cha kumlisha ng'ombe.

Kwa maoni yangu, hilo ndilo jambo kubwa kuliko yote katika kazi hii. Anayetakiwa kuchimba, kupanda miti na kupunguza eneo lake la kulima ni mwenye shamba la mteremkoni, ilhali anayefaidika kwanza ni mwenye bustani ya mboga bondeni, ambaye mfereji wake haujai tope tena. Mpango usiompa yule wa juu chochote katika msimu wa kwanza au wa pili utasimama siku wataalamu watakapoondoka. Kwa hiyo kila hatua hapa chini imepangwa ili swali la nani anagharimika na nani anafaidika lipate jibu mapema.

Hatua ya kwanza: chagueni kidakio kimoja kidogo

Msianze na kijiji kizima. Chagueni korongo moja, yaani eneo lote ambalo mvua ikinyesha maji yake hukusanyika kwenye kijito kimoja, kutoka kileleni hadi bondeni. Shamba moja lililotengenezwa vizuri katikati ya mteremko ulioachwa hivihivi halidumu, kwa sababu maji ya mashamba ya juu yataingia kwa nguvu na kubomoa kila kilichochimbwa. Kazi huanzia juu na kushuka, na hupangwa kwa mipaka ya maji wala si kwa mipaka ya vitongoji. Ikiwa korongo limegawanyika kati ya vijiji viwili, wenyeviti wote wawili waitwe tangu siku ya kwanza.

Tembeeni korongo hilo mara mbili: mwishoni mwa kiangazi, wakati chemchemi zikiwa zimepungua kabisa, na tena siku ya mvua kubwa ya masika, ingawa kutembea wakati huo hakupendezi. Wakati wa kiangazi mtaona chemchemi zinazokauka na mahali mifugo inapokanyaga. Wakati wa mvua mtaona maji yanakotoka hasa. Mara nyingi chanzo cha mfereji wa mmomonyoko si shamba lolote bali ni njia ya watu, barabara ya kijiji isiyo na michepuo ya maji, au mapaa ya mabati ya shule yanayomwaga maji yote mahali pamoja. Katika hali hiyo, kumlaumu mkulima ni kumwonea.

Katika matembezi hayo ambataneni na wazee, kina mama wanaochota maji na vijana wanaolima mboga, kwani kila kundi linajua korongo lake. Wazee wataonyesha mahali palipokuwa na chemchemi iliyopotea na misitu ya matambiko ambayo ukoo fulani bado unaitunza. Misitu hiyo midogo isipuuzwe. Inasimamiwa tayari, bila posho ya mtu yeyote, na mpango mpya unapaswa kuitambua, si kuwanyang'anya wenyewe.

Chemchemi zote zipimwe. Elekezeni maji yote kwenye bomba au gome moja, kingeni ndoo ya lita 20, kisha hesabuni sekunde. Ndoo ikijaa kwa sekunde 40, chemchemi inatoa nusu lita kwa sekunde, sawa na lita 43,200 kwa siku, kiasi ambacho kwa kipimo cha lita 25 kwa mtu kwa siku kingewatosha watu zaidi ya 1,700. Andikeni tarehe na sekunde kwenye daftari. Takwimu hii ndogo itawasaidia baadaye kuliko hotuba nyingi.

Hatua ya pili: kubalianeni kabla jembe halijashika ardhi

Iteni mkutano wa wenye mashamba wa korongo hilo pekee kabla ya kwenda kwenye Mkutano Mkuu wa Kijiji. Katika mkutano mdogo watu husema ukweli wao: huyu shamba si lake, analimia kwa kukodi na hawezi kupanda miti; yule ni mjane ambaye shemeji zake wanalidai shamba, na miti akiipanda itageuzwa kuwa ushahidi katika ugomvi; mwingine ana vishamba vinne vilivyotawanyika na hana nguvu ya kuvichimba vyote. Mambo haya yakifichwa hujitokeza baadaye kama uvivu, na si uvivu. Kwa anayekodi, mwenye shamba aitwe na makubaliano yaandikwe: nani ana haki ya majani, nani ana haki ya miti, na anayekodi atahakikishiwa misimu mingapi.

Kubalianeni pia wenye bustani za bondeni watachangia nini. Wengine wanaweza kutoa siku za kazi kwenye msaragambo wa kuchimba makingamaji ya juu, na wengine fedha kidogo kila wanapouza kabichi au karoti. Nimesikia watu wakisema kwamba kijijini hakuna utaratibu wa namna hiyo. Upo. Mifereji ya asili ya Upare na malambo yake yaitwayo ndiva, ambayo hujazwa maji usiku na kufunguliwa asubuhi kwa zamu, imesimamiwa hivyo siku zote: asiyefika kwenye kazi ya kuzibua mfereji hana zamu ya maji. Kanuni hiyohiyo inaweza kuvutwa hadi kwenye mteremko unaoulisha mfereji.

Hatua ya tatu: pimeni mteremko na kuweka mistari

Kifaa kinachotosha ni fremu ya A. Chukueni miti miwili iliyonyooka ya urefu wa mita 2 na zaidi kidogo, ifungeni pamoja juu, panueni miguu hadi iachane mita 2, kisha fungeni mti wa tatu kuikata miguu hiyo usawa wa katikati. Kutoka kileleni ning'inizeni uzi wenye jiwe, ili uwe timazi. Simamisheni fremu, wekeni alama mahali uzi unapougusa mti wa katikati, kisha geuzeni fremu ili miguu ibadilishane mahali na muweke alama ya pili. Nusu ya umbali kati ya alama hizo mbili ndiyo usawa wa kweli. Upepo ukiwa mkali uzi hautulii, hivyo pimeni asubuhi.

Kujua ukali wa mteremko, shikeni fito ya mita 2 ikiwa imelala sawasawa, ncha moja ikigusa ardhi upande wa juu, na mpime urefu kutoka ncha ya pili hadi chini. Ukiwa sentimita 60, mteremko ni asilimia 30. Mstari mmoja na mwingine vitofautiane kimo cha mita 1.5 hivi: kwenye mteremko wa asilimia 20 mistari itaachana takriban mita 7.5, kwenye asilimia 30 mita 5, na kwenye asilimia 40 chini kidogo ya mita 4. Mteremko ukizidi asilimia 50 sishauri kulimwa kila msimu. Hapo panafaa majani ya kudumu, miti ya matunda au miti ya kuni.

Sasa linakuja jambo ambalo miongozo mingi hulipita haraka, nalo ndilo linalobomoa mashamba. Kontua iliyo sawa kabisa huzuia maji yote palepale, na hilo ni jema upande wa mlima wenye mvua haba, kama miteremko inayotazama Mkomazi. Katika sehemu zenye mvua nyingi na udongo wenye kina, maji hayo yakiingia yote ardhini huulowesha mteremko mpaka ukateleza kwa uzito wake. Huko mistari iwe na mwinamo mdogo wa asilimia 0.5, unaopatikana kwa kufupisha mguu mmoja wa fremu kwa sentimita 1, na kila mstari umwage maji kwenye njia ya maji iliyooteshwa majani mazito. Njia hiyo iandaliwe msimu mmoja kabla ya mistari yenyewe, kwa sababu maji yaliyokusanywa na kuelekezwa kwenye udongo mtupu yatachimba mfereji mpya wa mmomonyoko ndani ya masika moja. Wakulima wa jirani wakubaliane ipite wapi. Ikipita mpakani, kila mmoja hutoa ukanda sawa wa ardhi yake.

Hatua ya nne: chimbeni wakati wa ukame, pandeni mvua ikianza

Udongo uliokauka ni mgumu, lakini uliolowa huporomoka na kushindiliwa na miguu. Kwa hiyo mistari ipimwe na kuchimbwa Januari na Februari kabla ya masika, au Agosti na Septemba kabla ya vuli. Kwa tuta la fanya juu, chimbeni mtaro wenye upana na kina cha sentimita 60, udongo mkiutupa upande wa juu, na kati ya mtaro na tuta acheni kiunga cha sentimita 20 hadi 30 ili udongo usirudi ulikotoka. Kadiri miaka inavyopita, udongo unaoshuka hukwama nyuma ya tuta na shamba hujitengenezea ngazi lenyewe. Ni kazi nzito. Asiye na nguvu kazi aanze na mistari ya majani peke yake, ambayo nayo hujenga ngazi, ila polepole zaidi.

Juu ya tuta pandeni majani ya Guatemala au matete, mistari miwili iliyopishana, shina na shina likiachana sentimita 30. Matete huzaa zaidi lakini mizizi yake ina uchoyo, na mahindi yaliyo karibu nayo hubaki ya njano. Guatemala ni mpole kidogo na hustahimili baridi ya juu. Kati ya majani na mazao acheni nusu mita bila kupanda kitu. Majani yakatwe yakifika kimo cha mita moja na kubakizwa shina la sentimita 10 hivi, maana yakiachwa yakomae huwa kuni tupu na ng'ombe huyasusa.

Kwenye mistari hiyohiyo wekeni miti, lakini michache: grevilea kila baada ya mita 5 hadi 8 kwa ajili ya nguzo na kuni, mshai ambao majani yake hurutubisha udongo na kivuli chake hakiuui mgomba wala kahawa, na miti ya matunda kulingana na kimo. Kwenye baridi ya Magamba na maeneo ya jirani matofaa, mapeasi na maplamu hustawi; chini zaidi parachichi hufanya vizuri. Grevilea isiyopogolewa ni hasara kwa shamba. Matawi ya chini yakatwe kila mwaka, na hizo ndizo kuni ambazo mama mwenye nyumba hatazifuata msituni.

Hatua ya tano: ng'ombe abaki bandani

Mistari ya majani na mifugo inayozurura haviwezi kukaa pamoja, kwa hiyo hatua hii si ya hiari. Ng'ombe mmoja wa maziwa hula kilo 40 hadi 60 za majani mabichi kwa siku, na kabla hajanunuliwa familia ihesabu kama mistari yake inaweza kumlisha hadi mwisho wa kiangazi. Makosa yanayoonekana mara nyingi ni ng'ombe kufika kabla ya majani, ambapo mwenye ng'ombe hulazimika kukata majani kwenye mistari ya jirani usiku au kuingia msituni. Vikundi vya kopa ng'ombe lipa ndama vinafaa, mradi ndama apelekwe kwa aliyekwisha kupanda majani na yakaota.

Samadi ndiyo malipo ya mwenye shamba la juu. Shamba la mteremkoni likipata samadi kila msimu, maharage na mahindi yake huonyesha tofauti ambayo mkulima mwingine huiona kwa macho akipita njiani, na hapo hahitaji semina. Banda lijengwe karibu na shamba la juu kama inawezekana, kwa sababu kupandisha samadi mlimani kwa kichwa ni kazi inayomwangukia mwanamke.

Hatua ya sita: okoeni chemchemi

Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu za kibinadamu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto au ziwa. Usambara, ambako shamba zima la familia linaweza kuwa na upana mdogo kuliko huo, kuitekeleza kwa siku moja ni kumfukuza mtu nyumbani kwake. Anzeni na jicho la chemchemi na eneo la juu yake. Zungushieni uzio wa miti hai, jengeni mbauti, yaani birika la kunyweshea mifugo, kwa kuvuta maji kwa bomba hadi chini, na mwenye kipande hicho afidiwe kwa ardhi ya kijiji, kwa zamu ya ziada ya maji au kwa namna mtakayokubaliana na kuiandika.

Mikaratusi iliyo karibu na chemchemi hunyonya maji mengi na inapaswa kuondolewa, lakini si yote kwa mkupuo pale penye mteremko mkali, kwani mizizi yake ndiyo inayoshika udongo kwa sasa. Ondoeni theluthi moja kila mwaka, visiki vikibanduliwa magome ili visichipue, na katikati yake pandeni mikuyu na miti mingine ya asili inayoonekana kando ya vijito vya jirani. Mbegu zake zikusanywe hukohuko. Ikiwa chemchemi inalisha bomba la kijiji, washirikisheni mapema RUWASA, wakala wa maji vijijini ulioanzishwa mwaka 2019, na chombo cha watumia maji, ili sehemu ya mapato ya maji irudi kwenye kutunza chanzo.

Hatua ya saba: msitu upate mwenyewe kisheria

Sheria ya Misitu Namba 14 ya mwaka 2002 inafungua njia mbili, na ni muhimu kutozichanganya. Msitu ulio ndani ya ardhi ya kijiji unaweza kutangazwa kuwa msitu wa hifadhi wa kijiji, na hapo kijiji ndicho mwenyewe. Msitu wa Serikali, kama Hifadhi ya Mazingira Asilia ya Magamba iliyo chini ya Wakala wa Huduma za Misitu, unaweza kusimamiwa kwa ubia, ambapo kijiji kinapata wajibu na baadhi ya haki lakini si umiliki. Kijiji kikipewa nafasi ya ubia kidai kuandikiwa kwenye mkataba ni nini hasa kinachoruhusiwa: kuni kavu siku zipi, mizinga mingapi ya nyuki, dawa za mitishamba, na mgawo wa ada za wageni. Ahadi za mdomo katika jambo hili hazina uzito.

Kwa msitu wa kijiji utaratibu ni huu. Halmashauri ya Kijiji inapendekeza, kamati ya maliasili inachaguliwa na Mkutano Mkuu, mipaka inatembewa pamoja na vijiji jirani, mpango wa usimamizi na sheria ndogo vinaandikwa, Mkutano Mkuu unavijadili, kisha sheria ndogo zinapitishwa na kupelekwa Halmashauri ya Wilaya kwa idhini. Bila idhini hiyo, faini inayotozwa na kijiji inaweza kupingwa mahakamani, na kamati ikiaibishwa mara moja haitamkamata mtu tena. Kila faini itolewe stakabadhi na isomwe kwenye mkutano pamoja na mapato mengine.

Hatua ya nane: kipato kisitegemee mguu mmoja

Vijiji vinavyouzunguka msitu wa Amani, Usambara Mashariki, vilijipatia fedha kwa kufuga vipepeo na kuuza pupa wao kwa maonyesho ya nje ya nchi, kazi safi iliyohitaji msitu ubaki umesimama. Mwaka 2016 Serikali ilisitisha usafirishaji wa wanyamapori hai nje ya nchi, na soko hilo likafungwa kwa watu ambao hawakuwa na kosa lolote. Mpango wa kijiji uwe na vyanzo vitatu au vinne: maziwa, asali, matunda, miche, wageni wanaokuja kupanda mlima. Na kwenye mboga, ambazo ndizo fedha za kweli za Lushoto, faida kubwa ya haraka haitokani na kulima eneo zaidi bali na kuuza kwa uzito kwa pamoja, ili kabichi na viazi visiondoke kwa lumbesa na bei isipangwe na dalali peke yake. Mkulima anayepata bei nzuri kwa gunia halali hana haraka ya kufungua shamba jipya ukingoni mwa msitu.

Hatua ya tisa: tunzeni na muweke kumbukumbu

Baada ya kila mvua kubwa mtu mmoja wa kila sehemu ya korongo apite kwenye mistari akiangalia mahali maji yalipopenya. Pengo la upana wa kiganja huzibwa kwa jembe dakika chache, ilhali likiachwa hadi mvua ya tatu huhitaji msaragambo mzima. Mwishoni mwa kila kiangazi chemchemi zipimwe tena kwa ndoo ileile na mahali palepale, na matokeo yasomwe hadharani pamoja na kiasi cha mvua kilichoandikwa shuleni, kwa maana mwaka wa ukame chemchemi itapungua hata kama kazi imefanywa vizuri, na watu wanapaswa kulijua hilo kabla hawajakata tamaa. Msitarajie mabadiliko ya maji katika miaka miwili ya mwanzo. Udongo, majani na maziwa ndivyo vitakavyoonekana kwanza.

Daftari liwe na nakala mbili, moja ofisini kwa mtendaji wa kijiji na nyingine kwa katibu wa kamati nyumbani kwake. Watendaji huhamishwa, na mara nyingi makabati yao hufungwa kwa miezi kadhaa kabla mwingine hajaripoti.